Subirini Nimalize

Chuoni, 3 Machi

Mama Mkubwa,

Kaa kwanza, ndiyo usome. Nikiwa likizo nyumbani nilifungua kile kiti cha piano kutafuta nota zangu za zamani, nikakuta kaseti chini kabisa, imezungushiwa kitambaa. Juu yake kuna mwandiko wako: "Mimi, siku ile." Nimekuja nayo huku. Nimeisikiliza kwenye redio kaseti ya bwenini mpaka wenzangu wamenichoka.

Hujawahi kuniambia kwamba ulicheza vile. Umenifundisha miaka yote hiyo, ukinigonga vidole kwa rula, kumbe umeficha kitu kama hiki. Nimekiandika chote kwenye nota na kukipangilia upya kwa ajili ya ukumbi mkubwa. Ufunguo ni Mi maina, ule wa huzuni. Mwendo ni wa polepole sana, na juu yake nimeandika "kwa majonzi". Kipande nimekiita Machozi ya Mjane, kwa kumbukumbu ya Baba Mkubwa, mumeo. Maana nyuma ya piano kunasikika watu chumbani, na mzee mmoja kama anasali, nikajua ni siku za msiba.

Mwalimu wetu alipokisikia alitoa leso. Amekichagua kifunge tamasha la wahitimu mwezi wa Mei. Baba anakuja na Shangazi na wazee wa ukoo, wote watakaa safu ya mbele, na wewe utakaa katikati yao. Nota nimekufungia humu.

Mwanao,
Nyundo


14 Machi

Nyundo,

Barua nimepata. Nota nimezisoma nimesimama jikoni, chai ikachemka ikamwagika ikazima jiko. Nani amekuambia nililia?

Soma taratibu, kwa kuwa polepole unaipenda. Mume wangu nilimlilia, hilo sikatai, nililia mpaka nikakauka. Lakini kaseti ile ni ya baadaye, msiba umeshakwisha na watu wameshatawanyika. Siku ile walikuja watu kuchukua piano yangu. Walikuja na kamba, mikono ya mashati wameikunja. Mimi nikabonyeza rekodi, nikakaa, nikacheza, na wao wakasimama kuningoja, maana hubebi piano mtu akiwa anaicheza. Nilicheza La maina, na nilicheza mbio. Hapo mwanzo ulipoandika "kwa sauti laini" mimi niligonga kama mtu anayefunga mlango usoni pa mtu. Majonzi ya nini? Nilikuwa na hasira, ninayo mpaka leo, na inanifaa sana.

Watu gani, utauliza. Wabebaji tu. Hizo sauti za nyuma achana nazo, hazikuhusu.

Kifute hicho kichwa. Mimi si mjane wa kubandikwa kwenye mabango. Ukicheza hivyo sitakuja, na ukinilazimisha nitakuja nikutoe kwenye kiti mbele ya wazee wako.

Mama Mkubwa


Chuoni, 22 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mara ya kwanza nilisahau, labda ndiyo maana umenijia juu hivyo.

Nakuheshimu, ila sikubali. Kaseti ninayo mimi, na naisikiliza kwa masikio uliyoyafundisha mwenyewe. Ni Mi, si La. Ni polepole. Mkono wa kushoto unaburuta miguu kama mtu anayetoka makaburini. Nafikiri hasira uliyonayo leo umeirudisha nyuma ukaivika siku ile, wala sikulaumu, watu wengi hufanya hivyo. Tena mpangilio ni wangu. Wewe ulicheza, mimi nimekaa na penseli nikauliza kila sauti inataka nini. Mwalimu anasema uzito wa kipande uko kwenye huo mwendo, ukiuharakisha kinabaki zoezi la vidole.

Halafu programu zimeshachapwa. Sheria ya hapa ni kwamba mhitimu anacheza alichokabidhi, vinginevyo cheti hapati. Unataka nirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kasi?

Njoo usikilize kwanza. Kunitoa kwenye kiti kutafuata.

Nyundo


30 Machi

Nyundo,

Marahaba. Sasa tufanye kazi.

Nenda kwenye piano yoyote hapo chuoni, ukae mwisho wa kushoto. Kitufe cha mwisho kabisa ni kipi? Ni La. Baada ya hapo ni ubao. Sasa fungua ukurasa wako wa kwanza. Nota ya kwanza umeandika Mi, na pembeni umeweka kwa penseli: "nimeipandisha, kwenye piano haipo." Mwanangu, mimi nilichezaje sauti ambayo kwenye piano haipo? Niliipiga ubaoni?

Niligonga La ya mwisho kabisa, kwa nguvu zote, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameegemea upande ule na nilitaka imtetemeshe kiuno. Hiyo redio yenu inavuta kaseti kwa uchovu. Mpira wake wa ndani umelegea, ndiyo maana kila kitu kimeshuka na kila kitu kimechelewa. La imekuwa Mi, na hasira imekuwa kilio. Ipeleke kwa fundi abadilishe mpira, kazi ya dakika chache tu.

Na unasema nimeivika siku ile hasira ya leo. Usirudie tena. Hasira yangu naijua kwa tarehe.

Mama Mkubwa


Chuoni, 11 Aprili

Mama Mkubwa,

Fundi alibadilisha mpira nikiwa nimesimama mbele yake, akajaribu kaseti palepale kibandani, katikati ya pasi na feni mbovu za watu. Ikalia La. La ya chini kabisa, kama ulivyosema. Niliona aibu. Halafu ukaanza kukimbia, na mimi nikashika meza ya fundi.

Wimbo nimeujua. Kwa polepole sikuutambua hata kidogo. Ni wetu, ule ambao ukoo mzima huimba kumpokea bibi arusi mlangoni, wa kumwambia amefika kwao. Nimeuimba mwenyewe kwenye arusi za binamu zangu. Umeutoa kwenye meja ya furaha ukautia maina, ukauendesha mbio, ukawachezea walewale waliokuimbia siku unaingia. Kwa hiyo waliokuja na kamba hawakuwa wabebaji.

Na yule mzee anayesali, hasali, na wala si mzee. Ni kijana. Anasema, "Shemeji, inatosha. Funga tubebe." Na wewe unamjibu, "Subirini nimalize," mkono hausimami. Nimeirudisha nyuma tena na tena nikitafuta jinsi ninavyoweza kuwa nimekosea. Ile ni sauti ya baba yangu.

Kaseti ilikuwa ndani ya kiti cha piano ya nyumbani kwetu. Piano ambayo nimeambiwa tangu utoto ni ya babu. Kwa hiyo ulikuwa unakuja kila Jumamosi, unapiga hodi, unavua viatu, unanifundisha kwenye piano uliyonyang'anywa, huku Baba amekaa pembeni anasoma gazeti. Na ukiondoka unasema asante kwa chai. Mbona hukuniambia? Na kwa nini hasa ulikuwa unakuja?

Nimemwandikia Baba pia. Nimemwuliza ile piano ni ya nani, na kama atakaa asikilize nikicheza kwa kasi yenyewe, au atatoka.

Nyundo


19 Aprili

Mwanangu,

Ungeniuliza kabla ya kumwandikia. Lakini jina la Nyundo nilikupa mimi mwenyewe, kwa jinsi ulivyokuwa ukigonga vitufe, basi nalalamika nini.

Nilikuwa nakuja kwa ajili ya piano. Sikufichi. Mama yako aliponiomba nikufundishe nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa sababu ningeigusa. Mwanzoni nilikuwa nangoja somo lako liishe ili nicheze kidogo, nawaambia namwonyesha mtoto; na kaseti niliificha kitini Jumamosi moja, ikae karibu na piano yake. Ulikuwa kisingizio changu, kisingizio kisicho na meno ya mbele. Halafu siku moja ukaniuliza kwa nini maina inasikika kama mtu aliyenyimwa kitu, na kuanzia hapo nikawa nakuja kwa ajili yako. Sasa ningekuambia nini? Nikupe ugomvi wa wakubwa ulale nao, na asubuhi umwamkie baba yako kwa uso upi?

Nisikilize vizuri sasa. Cheza polepole. Cheza hiyo Mi yako, weka majonzi yako yote, waache watoe leso, upate cheti. Mimi nilikuwa nagombea mwendo na ufunguo, mambo ya mwalimu na mwanafunzi. Sikutaka umwaibishe baba yako mbele ya ukoo wake. Wakiusikia kwa kasi yake wataujua, kama ulivyoujua wewe kwa fundi. Kuishi bila piano nimeshazoea. Lakini wewe baba huna wa akiba.

Mama Mkubwa


25 Aprili

Binti yangu,

Barua yako imefika. Hapa sote wazima, mama yako anakusalimu.

Mambo ya ile piano ni ya zamani na yalimalizwa na wakubwa. Kaka alifariki bila mtoto, nyumba na vitu vyake vikarudi kwa ukoo, ndivyo ilivyoamuliwa. Mimi nilikuwa mdogo wao wote, niliagizwa nikaenda. Shemeji yangu tumeishi naye vizuri, hajawahi kuja kwangu akakosa kiti. Tena kama piano ingebaki kwake, wewe leo usingekuwa hapo ulipo. Hilo nalo ulitafakari kabla hujaninyooshea kidole.

Wazee wamefurahi kusikia marehemu atakumbukwa mbele ya watu. Kicheze kama kilivyoandikwa kwenye programu, polepole. Polepole ni heshima. Tumeshakata tiketi, tunakuja.

Baba yako


Chuoni, 2 Mei

Mama Mkubwa,

Nimekuelewa, na nimekataa.

Baba ameandika. Kwamba piano ilitoka kwako hakanushi, wala kwamba sauti ni yake. Anachotaka ni polepole tu. Anajua anachokitaka: kwa polepole hakuna atakayeutambua wimbo. Fikiria, redio mbovu iliwafichia siri yao, halafu nikaja mimi na penseli nikaifunika vizuri zaidi, nikaongeza na "kwa majonzi" juu yake. Niliwatengenezea kilio na jina la kilio, wakae safu ya mbele wapewe pole. Sitawafanyia hivyo mara mbili.

Unasema baba sina wa akiba. Ni kweli, na nampenda, na nimekasirika naye. Ndiyo maana namtaka huyuhuyu mmoja ajue kwamba najua. Nikikaa kimya nitamwamkia maisha yangu yote kwa uso wa uongo.

Nimefuta Mi kwenye kila ukurasa. Sasa ni La maina. Mwendo nimeandika: "haraka, bila kuomba ruhusa." Kanyagio la kurefusha sauti sigusi, lisije likafunika kitu. Machozi ya Mjane nimeyachana. Kipande kinaitwa Subirini Nimalize.

Mwalimu nimemwambia. Amesema zitakazosahihishwa ni nota nilizokabidhi, nikicheza kingine mwaka huu nimeupoteza. Nikasema sawa. Akaniambia nenda kafikirie. Nikamwambia nimetoka huko.

Wewe kama hutaki kuja, usije. Ukiwepo nitacheza, usipokuwepo nitacheza.

Nyundo


Chuoni, 18 Mei

Mama Mkubwa,

Nimecheza.

Kabla ya kukaa nilisimama mbele ya watu nikasema kichwa kilichoko kwenye programu si chenyewe, nikataja kilichopo. Nikasema kipande hiki aliyekiunda ni mwalimu wangu, mke wa marehemu, yuko hai, na siku alipokicheza hakulia. Basi. Nikakaa, nikagonga La mpaka kuna mtu akaangusha kitu kule nyuma. Mwalimu alikohoa pembeni ya jukwaa, kile kikohozi chake cha kusema acha. Nikaendelea zangu. Kidole cha nne kilinisaliti sehemu mbili, kilekile ulichokuwa ukikigonga kwa rula, lakini sikurudi kurekebisha.

Aliyeutambua wa kwanza ni Shangazi. Hata ukiwa maina, yeye ndiye huuanzisha kwenye kila arusi, angeukosaje? Akaanza kupiga makofi, ana furaha, na binamu wakamfuata, safu nzima ya mbele ikapiga makofi na kutabasamu, binti yao anawachezea wimbo wao. Nikaongeza mwendo. Wakashindwa kunifuata. Niliona kwa pembe ya jicho mikono ya Shangazi imebaki hewani. Alikuwepo siku ile, sivyo? Akaishusha akaiweka mapajani. Wazee wengine nao wakaacha, kisha vijana, wakiwatazama wakubwa wao kuuliza kuna nini. Nilicheza nusu nzima ya mwisho bila kofi moja kutoka safu ile, na kule nyuma ukumbi wote umesimama.

Baba hakupiga makofi tangu mwanzo. Alikuwa ananitazama mikono. Nilipoinama kushukuru nilimtafuta, akawa bado anatazama pale mikono ilipokuwa. Hakuja kuniona baadaye. Waliondoka wote pamoja, Shangazi peke yake ndiye aliyegeuka.

Cheti sijapata, nitarudia mwaka. Mwalimu alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Mwakani ukabidhi hiihii." Sijui kama ni kunisifu au kunisuta, na sijali sana. Sijutii hata kidogo, Mama Mkubwa. Ila naogopa kwenda nyumbani. Sijui kama bado nina nyumbani.

Nyundo


1 Juni

Mwanangu,

Unako. Kaa, usome, leo zamu yako kukaa.

Jana baba yako amekuja na lori. Nilikuwa nafua. Amesimama mlangoni mikono mfukoni, amekonda, anasema nguo zile za tamasha hata hajazitoa kwenye mfuko wa safari. Hajalala vizuri tangu arudi. Radhi hakuomba, na mimi sikumsaidia kuitafuta. Alisema tu, "Shemeji, nimeileta."

Wabebaji wakaishusha mpaka kizingitini. Yeye akachungulia ndani. Chumba changu unakijua, kitanda, jiko, kabati na mimi. Akatikisa kichwa, nikaona kabisa amepata nafuu. Akasema, "Haitaingia hii. Labda niirudishe kwangu kwanza, mpaka upate pa kukaa penye nafasi. Itakuwa salama."

Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia, "Hairudi hata hatua moja. Shika huko miguuni, tutoe kitanda."

Akashika. Tumekitoa mimi na yeye, wabebaji wanaangalia, yeye ndiye aliyetembea kinyumenyume kwa sababu mimi nilikataa. Kitanda kikakaa barabarani na foronya zake, watoto wa shule wakakizunguka, jirani wa pili akakichukua kwa ajili ya mama yake. Piano ikaingia, imekwaruza ukuta huku na huku. Baba yako akabaki pale katikati anajifuta jasho kwa mkono wa shati, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Sasa utalala wapi, Shemeji?" Nikamwambia hilo alipaswa kuniuliza mara ya kwanza, siku ile ya kamba. Akakaa juu ya ndoo yangu ya kufulia akalia. Nilimwacha alie mpaka akamaliza, nikampa chai, akanywa, akaniuliza likizo yako inaanza lini.

Nalala chini ya piano yangu, Nyundo. Godoro limetosha kabisa, miguu tu ndiyo inabaki nje. Ukija, tutabanana.

Mama Mkubwa